Ramani Haitoki Jumamosi

Dorcus Ooko hakuwahi kuiona bahari, hata ile ya Mombasa, lakini ungemkuta kwenye mistari ya chai karibu na Litein angekueleza hali ya barafu ya kaskazini ya dunia kama anayekupa habari za jirani. Kila asubuhi, kabla ya kufunga aproni yake ya plastiki, alifungua simu na kutazama ramani inayochorwa kwa ajili ya manahodha wa huko. Buluu ni maji matupu. Njano, barafu imeanza kuziba njia. Nyekundu, imeshikana. Wachumaji wenzake walimwita Kapteni, naye aliitikia bila aibu.

Aliyemfundisha ni Kepher, kifungua mimba wake, msaidizi wa mpishi katika meli ya mizigo. Meli yenyewe haimo kwenye ramani hiyo. Inayochorwa ni barafu tu. Kwa hiyo Kepher alimpa alama ya kushika, kisiwa chenye umbo la kiatu cha mpira: "Mama, ona hicho kisiwa kimekaa kama gambuti. Sisi tunapita hapo kwa kisigino."

Meli ilipotia nanga katika bandari ya mwisho kabla ya kisiwa hicho, Kepher alipiga simu. Barafu imewahi mwaka huu, alisema, na mabaharia wengine wameomba kushuka. Je, naye ashuke?

Dorcus alimjibu kama mtu wa Kericho. Huku barafu hutoka juu, mvua ya mawe inayopiga bati mpaka watu wasisikizane. Huchana majani, nyapara hununa, wachumaji hukaa bila kazi. Lakini jua likitoka, yote huisha kabla chai haijachemka, na baada ya muda kichaka huchipua tena. Maisha yake yote hakuwa ameona barafu iliyolala mahali hadi kesho yake. "Nyathina, mwanangu," akamwambia, "barafu ni kitu ya kupita. Vumilia, umalize kandarasi." Na Kepher, ambaye tangu utotoni hakuwa mtu wa kumbishia mama yake, akavumilia.

Ijumaa moja, rangi nyekundu ikafika kwenye ncha ya gambuti. Dorcus alipiga simu, haikuingia. Akatuma ujumbe, haukusomwa. Akampigia wakala wa Mombasa aliyemtafutia Kepher kazi, na msichana mwenye sauti tamu akamwambia asubiri. Jumamosi alipofungua ramani alikuta ile ile ya jana, ndipo akakumbuka kwamba wanaoichora hupumzika wikendi. Aliwakasirikia sana watu hao asiowajua. Barafu nayo wameipa ofu?

"Si uombe tu," alimwambia Janefer, jirani yake kambini na mwenzake wa kuchuma.

"Nimeomba. Sasa niombe nini tena, jua? Kepher alisema huko wakati wa baridi jua lenyewe linaenda zake."

Jumatatu ramani mpya ilitoka wakiwa katikati ya shamba. Gambuti lote, ncha mpaka kisigino, lilikuwa limezungukwa na nyekundu. Dorcus aliikuza picha kwa vidole, akaikuza tena, akitafuta kipande kidogo cha buluu ambamo mtoto wake angeweza kuwa. Hakukiona. Kapteni wa Litein alikuwa na ramani nzuri kuliko ya mtu yeyote pale shambani, na hakuwa na usukani. Alirudisha simu mfukoni, akaendelea kuchuma, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Alasiri mvua ya mawe ikawakimbiza hadi kwenye banda la kupimia majani. Ilipokatika, jua likatoka kama kawaida yake, na watu wakaenda kutazama hasara. Dorcus aliinama, akajaza konzi ya mawe ya barafu, akafumba ngumi. Janefer alidhani ni mchezo, mpaka alipoona ngumi haifunguki na maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mama Kepher, achilia hiyo kitu. Utaumia."

Dorcus hakuachilia. Alisimama hivyo, meno yameumana, mpaka ngumi ikawa haina kitu. Kisha akafungua kiganja, chekundu na kilicholowa, akamwonyesha mwenzake.

"Ona," alisema huku analia. "Si nilimwambia ukweli? Si inayeyuka?"

Janefer alikifuta kile kiganja kwa leso yake.