Mistari Isiyo na Mwenzake

Mimi ni mtu wa kujisifu, wala sitajificha. Ni karani wa takwimu katika kituo cha afya huku Gesima, na kwa miaka mingi mama yangu aliwaambia majirani kwamba mimi "hubonyeza kompyuta." Basi siku moja niliibonyeza vizuri kuliko siku zote.

Ripoti yetu ya chanjo ya surua ilikuwa safi. Kila mtoto aliyekuwemo alikuwa amechanjwa, na sista msimamizi, muuguzi wa kutoka upande wa ziwani, alitaka niitume kabla ya chai ya saa nne. Nikakataa. Ripoti ile iliunganisha jedwali la waliozaliwa na jedwali la waliochanjwa, kisha ikaonyesha tu wale waliopatikana katika yote mawili. Ambaye hakuchanjwa alitoweka kimya kimya. Ripoti ya namna hiyo itakosaje kuwa safi?

Nikaiandika upya kwa amri iitwayo left join: waliozaliwa wabaki wote, na asiye na chanjo aonyeshe NULL, yaani patupu. Halafu nikaitisha hao wa patupu peke yao. Ikatoka mistari kumi na moja.

"Hao walihama," sista akasema. "Wachana nao."

"Wote kumi na moja, sista? Walikodisha lori moja?"

Akacheka bila kupenda, akavuta kiti. Tukasoma vijiji. Wote walitoka vilima viwili vya juu, ambako karibu kila boma ni la Waadventista kama sisi. Kliniki ya mashinani ilikuwa ikienda huko Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku gari lilikuwa huru. Jumamosi! Siku ya Sabato, watu wote wakiwa kanisani! Sista ni Mkatoliki, yeye nitamsamehe. Lakini ratiba ile niliichapa mimi kwa vidole vyangu.

Kisha nikafika mstari wa tisa. Alikuwa binti wa marehemu dada yangu, anayelelewa na mama nyumbani kwetu. Kila Sabato nilimbeba mgongoni kwenda kanisani, tukalipita lile gari la chanjo na kulipungia mkono. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni nilimuuliza mama mbona hakumpeleka.

"Si wewe ndiye huandika vitabu vya huko?" akashangaa. "Nilijua kama kuna kitu kimekosekana, utaniambia."

Sista akapigania gari, akahamisha kliniki hadi Jumatano, na mimi nikapanda vilima na orodha yangu, boma kwa boma, nikiteleza kwenye matope katikati ya majani chai. Wote walikuja. Wetu alipiga kelele kuliko wote. Nikarudi ofisini, nikaiuliza kompyuta swali lilelile, nayo haikuleta hata mstari mmoja. Nilimwita sista aje kutazama hapo palipokuwa patupu.

Sabato iliyofuata, wakati wa matangazo, mama alisimama mbele ya kanisa zima, akaninyooshea kidole.

"Huyu," akasema, "ndiye aliona watoto wetu hawapo. Hata yule wa nyumbani kwake."

Sikuinamisha kichwa hata kidogo. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, bado amenikasirikia kwa ile sindano.