Nilivyochagua upgrade ya flight simulator kwa baba mdogo aliyekuwa anapoteza macho (Bukoba hadi Muleba)

Wakuu, habari za humu ndani.

Kila wiki naona mtu anauliza, "Ninunue RAM au graphics card ili simulator isikwamekwame?" Majibu yanamiminika, kila mtu bingwa. Na mimi nina jibu langu, ila limepitia msibani. Anayetaka specs tu aruke uzi huu. Sijaongeza chumvi, sehemu nyingine nimepunguza.

Hii ni kabla dawa za kurefusha maisha hazijafika hospitali za kwetu.

Nilikuwa chuo, nimerudi likizo Bukoba. Baba na mama walishafariki, wote kwa ukimwi, ambao kwetu wazee walikuwa bado wanauita Juliana, kana kwamba ni binti wa jirani. Aliyebaki kunisimamia ni baba mdogo, Projest. Alikaa Kitendaguro na alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio mjini.

Wakati wa vita na Uganda, baba mdogo alikuwa kijana wa jeshi, mtu wa mawasiliano pale uwanja wa ndege wa Bukoba. Kazi yake ilikuwa kuwaambia marubani upepo unatoka wapi. Ndege zilishuka, zikapaa, yeye akabaki chini na redio yake. Hakuwahi kupanda ndege hata siku moja.

Nilimkuta amekonda, shati linamning'inia. Jicho la kulia lilishazimika. La kushoto alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linazidi kuwa dogo.

Nilimuuliza daktari: litabaki? Akasema hapana. Nikauliza kwa nini. Akanieleza vizuri tu. Nikauliza kama ana uhakika. Akaniangalia, akaita mgonjwa mwingine.

Mimi ndivyo nilivyo wakuu, nauliza. Nilimuuliza padri, nikamuuliza mganga aliyeletwa na ukoo. Mganga peke yake ndiye aliyekasirika.

Sasa kompyuta.

Baba mdogo alikuwa na PC ya kuchapia barua za watu. Rafiki yake Karimbhai, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki na duka pale mjini, alimpa CD ya flight simulator. Ndani yake uwanja wa Bukoba upo! Baba mdogo alichotaka ni kimoja: apae kutoka Mwanza, apite juu ya ziwa, atue Bukoba kwa mikono yake, kabla tundu halijaziba.

Tatizo lilikuwa kwamba picha inaruka. Frame rate sita, yaani picha sita kwa sekunde, wakati mwingine nne. Mtu mwenye macho mazima anaweza kuvumilia. Yeye, picha ikiruka, alikuwa anapoteza kabisa uwanja uko wapi. Kila safari aliishia ziwani.

"Nimekufa mara nyingi kuliko ukoo mzima," alisema. Hatukujua kama tucheke.

Nikaenda internet cafe, nikauliza kwenye forum za Wazungu. Wakasema badilisha processor, motherboard, kila kitu. Sikuwaamini. Nikapima mwenyewe.

Nilishusha resolution. Frame rate ikapanda kidogo. Maana yake graphics ya kwenye motherboard ilikuwa inalemewa. Halafu nikaangalia taa ya hard disk: inawaka bila kupumzika, hata ndege ikiwa angani imetulia. Maana yake RAM haitoshi, mashine inakimbilia kwenye disk kila mara, na hapo ndipo picha inaposimama.

Karimbhai alikuwa na graphics card kubwa yenye feni, na alikuwa na RAM. Nikashika ile card. Nilikuwa nimeshaamua.

Hapo ndipo shangazi Koku, dada mkubwa wa baba na baba mdogo, akaja kutoka Muleba na neno la ukoo: Projest arudi nyumbani.

Kwa wasiotoka kwetu: mwanaume akizidiwa anarudishwa kwenye kibanja cha baba yake, kwenye migomba, maana ndipo atakapozikwa. Na ni heshima afike anatembea.

Nikapinga. "Shangazi, hapa kuna umeme, hospitali iko jirani. Kwa nini mtu apelekwe kwenye kaburi lake akiwa hai?"

"Wewe msomi," akasema, "unataka tumpakie kwenye lori kama mkungu wa ndizi?"

"Nataka mtu mmoja aniambie sababu."

"Sababu ni kwamba ni kwao. Chuoni hawajawafundisha kwao?"

Nikamgeukia baba mdogo, nikijua atakuwa upande wangu. Yeye akasema, "Koku, nitakuja. Ila kompyuta nayo inakuja."

Shangazi akapiga kelele: "Waitu! Projest, hata umeme hatuna!"

"Msomi atautafuta."

Basi swali la upgrade likabadilika lote. Kijiji chetu huko Muleba kilikuwa na jenereta moja tu ya kukodi, ndogo, ya kuendesha spika na taa. Ya misibani. Miaka ile ilikuwa haipumziki, inatoka kwa huyu inaingia kwa yule, na mwenye nayo alikuwa anajua ratiba ya vifo kuliko paroko.

Jenereta kama ile, umeme wake unapanda na kushuka. Ukiweka card yenye feni, juu ya monitor ya miaka ile yenye kisogo kikubwa, PC inajizima katikati ya safari. Nilijaribu dukani kwa Karimbhai kwa jenereta yake ndogo. Ikajizima kweli.

Nikarudisha card. Nikachukua RAM, na stabilizer. Halafu nikapunguza kila kitu kwenye settings: mawingu nikatoa, vivuli nikatoa, majengo nikatoa, resolution chini kabisa. Picha ikawa mbaya, ya vipande vipande, lakini namba za kwenye dashboard zikawa kubwa, na ndege ikawa inateleza. Frame rate ishirini na zaidi.

Karimbhai akaguna. "Kijana, hii sura gani? Mbaya sana."

"Anayeitumia haoni uzuri," nikamwambia.

Muleba tulisubiri zamu. Jirani mmoja alizikwa, akafuata mke wa mwalimu. Hatimaye jenereta ikaletwa mchana mmoja. Mwenye nayo akasema ataifuata jioni, kuna nyumba inasubiri.

Baba mdogo alikaa, pua karibu iguse kioo. Shangazi alikuwa mlangoni anamenya ndizi, ametugeuzia mgongo.

Akapaa kutoka Mwanza. Haikukwama hata kidogo.

"Inatembea," akasema polepole. "Msomi, inatembea."

Tulipofika upande wetu akauliza, "Hapo chini ni Muleba?"

"Ndiyo."

"Unaona migomba? Unaona bati letu?"

Nikaangalia. Rangi ya kijani tu, mraba juu ya mraba. "Hakuna kitu, baba mdogo. Hawakuchora."

"Hawajafika huku," akasema, akaendelea.

Karibu na Bukoba tundu lake lilikuwa limechoka. Nikaanza kumsomea: urefu, mwendo, kushoto kidogo, shusha. Mikono ilikuwa yake. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Tukapitiliza uwanja tukaingia kwenye majani, tukasimama. Hatukuanguka.

Akaweka mikono magotini.

"Kuna watu wamekuja kutupokea?"

Simulator ile haina watu. Uwanja mtupu, jengo moja, bendera.

"Hakuna mtu," nikasema.

"Basi wamechora sawasawa. Ndiyo Bukoba ya sasa."

Shangazi, ambaye hakuelewa lolote, akasema bila kugeuka: "Mimi si nipo? Njoo ule, Projest."

Hakurusha tena. Jicho lilizimika kabla ya zamu nyingine ya jenereta, na yeye akafuata kabla ya mvua za vuli. Amelala kwenye kibanja, kama shangazi alivyotaka. Bado sijapewa sababu, lakini nimeacha kuidai.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujauliza ununue nini, uliza nani anakaa kwenye kile kiti, anaona nini, na umeme wake unatoka wapi. Pima mwenyewe. Ukishusha resolution na frame rate haibadiliki, usihangaike na card. Taa ya disk isipotulia, anza na RAM.

Na nina ombi. Mwenye kujua kutengeneza scenery, yaani mandhari ya kwenye simulator, aje hapa chini anielekeze. Migomba ya Muleba nitaichora mwenyewe. Nataka kujua namna ya kuweka watu uwanjani.