Sentensi Iliyomsuta

Pale ofisini walimwita Forodha, maana hakuna kazi iliyopita mezani kwake bila kupekuliwa. Kipengele kipya cha programu kikiletwa akikague, hakuanza na msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Alisoma maelezo tu, kisha akajaribu kukitumia kama mgeni. Akilazimika kuuliza swali, kazi inarudi kwa mwenyewe.

Siku hiyo iliyorudi ilikuwa kazi ya dada mmoja mwandishi wa programu, mja mzito aliyebakiza siku chache. Kesho yake alikuwa anaanza likizo ya uzazi. Alikuwa ametengeneza kiolesura, yaani mlango ambao programu za kliniki zingepitia kufuta miadi ya wagonjwa, na alitaka kipitishwe kabla hajaondoka. Alikuwa na sababu. Alipojifungua mtoto wa kwanza, wenzake walimpigia simu hadi wodini kumuuliza kazi yake inatumikaje, mpaka mkunga akataka kujua kama amekuja kuzaa au kufungua ofisi.

Maelezo aliyoyaandika yalikuwa haya tu: "Hufuta miadi."

"Nimeweka namba ya mgonjwa, tarehe sikuweka," Forodha alimwambia. "Itakuwaje?"

"Kaka, nani atasahau tarehe? Hilo kila mtu analijua."

"Kila mtu anayekaa kichwani mwako. Mimi naishi nje."

Dada akarudi kitini amenuna, miguu imevimba. Mumewe alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba yuko getini. Akaandika harakaharaka, ili mradi yaishe: "Ukiacha tarehe, mfumo utafuta miadi yote ya mgonjwa huyo."

Vidole vikasita. Akaisoma tena, midomo ikimchezacheza. Akamwona akilini mama wa watu anayesafishwa figo kila wiki, amefika kliniki asubuhi na mapema, anaambiwa jina lake halipo. Msimbo ule aliuangalia wiki nzima akauona uko sawa. Sentensi moja ya kawaida ndiyo iliyomsuta.

Angeweza kuiremba. Badala yake akamwomba mumewe asubiri, akaufungua msimbo na kuurekebisha: pasipo tarehe, mfumo ukatae na useme kilichokosekana. Kisha akayaandika maelezo upya, akaweka mfano wa ombi litakalokubaliwa, na wa litakalokataliwa pamoja na sababu yake.

Forodha akasoma. Akajaribu, halafu akajaribu tena akiacha tarehe makusudi. Mfumo ukamkatalia kwa adabu. Akalisoma jibu lake neno kwa neno, dada wa watu anauma kucha.

"Sina swali," akasema hatimaye, akabonyeza kupitisha. "Nenda ukajifungue salama, mama. Atakayetaka kukupigia, nitamwambia asome."

Dada alishusha pumzi ndefu hivi kwamba wa meza ya jirani aligeuka kumtazama. Mabega yaliyokuwa yamekakamaa tangu asubuhi yakalegea. Alishuka ngazi polepole, mkono mmoja kiunoni, na mumewe getini alishangaa kumwona mtu aliyechelewa hivyo akija anatabasamu.