Inua Macho, Mama Révérien

Mimi nikipiga picha ya paspoti sitaki mtu acheke. Nimelisema hilo mpaka ulimi umechoka. Watu wanaingia dukani kwangu wamejipaka mafuta, wanang'aa, wanataka kuonyesha meno yote kama wanakwenda harusini, halafu dosye, yale makaratasi yao ya maombi, ikirudishwa kutoka Bukavu ninalaumiwa mimi. Masikio yaonekane, mdomo ufungwe, macho yatazame mbele. Basi. Lakini tangu nifungue duka hili hapa Mulongwe, hakuna aliyenishinda kama Mama Révérien, na yeye hakucheka hata kidogo.

Mama Révérien anauza mchele. Anaufuata Luberizi, anauleta sokoni kwetu, na kopo lake analijaza mpaka linamwagika, ndiyo maana wateja wanamkimbilia yeye na kuwaacha wengine wakipunga nzi. Sauti yake ni ndogo. Ukimsalimia anatazama viatu vyako. Mimi nilidhani ni heshima waliyomfundisha kwao Runingu, nikamsifu hata mbele ya watu.

Jina lake ni Bernardine, lakini nani atamwita hivyo? Kwetu mwanamke akishazaa, jina la usichana linawekwa sandukuni, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mimi mwenyewe mtu akiniita Mwavita nashtuka, nadhani amekuja kudai kodi. Mimi ni Mama Tariki. Na yeye akawa Mama Révérien, kwa huyo mvulana aliyemzalia mumewe Protais, fundi wa kujenga.

Nyumbani mwao alikuwamo pia msichana anayeitwa Délice. Tuliambiwa ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, Agathe. Agathe alipofariki kule Runingu, Délice akaja kuishi hapa kwa dada yake. Alimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Protais naye alimwita shemeji, akamtania kutwa kama wanaume wanavyowatania mashemeji zao, kwamba akikosa mchumba atamuoa yeye. Msichana mrefu, viganja vyake vipana kama ungo, golikipa wa timu ya wasichana. Timu hiyo ilialikwa kwenye mashindano Dar es Salaam, na kochi wao, Osée, akatangaza: kila mchezaji alete dosye yake ya paspoti kabla yeye hajapanda gari la Bukavu. Asiyeleta atabaki.

Ndiyo wakaja kwangu, siku moja kabla ya gari hilo. Kwangu unapata kila kitu: picha, fotokopi, barua ya kupigwa kwa mashine. Kwenye benchi, chini ya ile alama ya tope iliyoachwa ukutani na mafuriko, alikuwa amekaa Apollinarie, mama mzazi wa Protais, anasubiri nakala za karte yake ya uchaguzi na kujipepea kwa kipande cha katoni. Mama Révérien alipomwona mama mkwe wake alisita mlangoni. Nilimwona. Kama si msichana aliyekuwa nyuma yake, nadhani angegeuka.

Nilianza na Délice. Nilimvalisha koti langu jeusi, lile wanalovaa wote, nikalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo ili limkae. Akakaa kwenye stuli mbele ya shuka jeupe, akaitazama kamera kama mpira unaokuja. Nilipiga mara moja tu. Nilitamani wateja wangu wote wawe magolikipa.

Kisha nikakaa kwenye mashine kuandika ombi. Délice hakuwa na hati ya kuzaliwa, kama watoto wengi wa kule bondeni. Si tatizo kubwa: mzazi anakwenda kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, na karte yake, picha zake na mashahidi wawili, anasema mtoto huyu ni wangu, hati inatoka. Mzazi huyohuyo ndiye anayesaini ruhusa ya mtoto kusafiri, kwa kuwa bado ni mdogo.

"Jina la mama?" nikauliza.

"Andika Agathe."

"Agathe si alikufa?"

"Alikufa, ndiyo. Minye yaya yake nitasaini."

"Na baba?"

"Naye alikufa. Zamani."

"Mama Révérien, yaya haiko muzazi. Kama wazazi walikufa, munaenda kwanza ku tribinali, wanawapa karatasi ya kumulea mutoto. Ile iko kazi ya mwezi, pengine na zaidi. Kochi anaenda kesho."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Kwenye ekrani ya kompyuta, uso wa Délice ulikuwa bado umefunguliwa, mkubwa, nilikuwa sijaufunga. Paji lile pana. Nyusi ile ya kushoto iliyokatika katikati kama imenyolewa. Mimi kazi yangu ni nyuso, sina kazi nyingine. Nikageuka nikamtazama Mama Révérien, nyusi yake ya kushoto, na palepale nikajua, na yeye akajua kwamba nimejua. Akainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile alipotazama viatu vyetu haikuwa heshima.

Kabla sijafungua mdomo, Délice alisimama. Akatoa vibanio kimoja kimoja, akavua koti, akalikunja vizuri kuliko nilivyokuwa nimelikunja mimi.

"Achana nayo, Mama Tariki," akasema. "Mama yangu alikufa, njo vile. Nitaenda mwaka mwingine. Yaya, twende."

Hakulia. Alisema kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango kwa sababu ndani kuna mtu hajavaa. Alikuwa anajua. Sijui aliambiwa na nani, sokoni hapakosi midomo, lakini alikuwa anajua. Mtoto alikuwa anamfichia mama yake aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yeye.

Nilipandwa na hasira, nasema kweli. Nilitaka kumshika yule mwanamke mabega nimtikise. Délice alikuwa ameshafika mlangoni. Mama Révérien akabaki pale pale, mkono mmoja juu ya meza yangu.

"Futa Agathe," akasema.

"Niandike nani?"

Kwenye benchi, kipande cha katoni cha Apollinarie kiliacha kupepea.

"Andika Bernardine," akaiambia sakafu. "Minye njo nilimuzala."

Akatueleza: alikuwa mwanafunzi alipopata mimba. Aliyempa alihama, hakuonekana tena. Agathe akakichukua kichanga, akakifunga mgongoni mwake mwenyewe, akakiita mwanangu, na nani angebishana na Agathe? Wangeishia hapo ningeelewa. Lakini Protais alipokuja kuoa, wazee wa Runingu walikaa mbele ya ujumbe wake na kupokea ng'ombe wa binti ambaye hajazaa. Na ng'ombe wa binti aliyezaa si sawa na hao, kila mtu bondeni analijua hilo. Kwa hiyo uongo wa Bernardine haukuwa wa maneno matupu. Ulikuwa na pembe, na ulikuwa unakula majani.

Apollinarie alinyanyuka polepole.

"Na ngombe zetu?" akauliza.

Mama Révérien alipiga magoti. Pale pale, kati ya stuli na mashine ya fotokopi, kitenge chake kikizoa vumbi. "Munisamehe, mama."

"Protais anaita mutoto yako shemeji. Anamwambia atamuoa, watu wanacheka. Na weye iko pale unasikia, unapakua chakula, unanyamaza!"

"Niliogopa, mama. Niliona haya."

"Haya yangu?"

Aliyeuliza si Apollinarie. Ni Délice, kutoka mlangoni. Hakupandisha sauti. "Ulikuwa unaona haya yangu, yaya?"

Mama Révérien, bado yuko magotini, akamgeukia. Aliona haya ya kuwa na mtoto, na sasa anaona haya ya kuwa alimuonea haya, na hii ya pili, kwa jinsi nilivyoitazama, ilikuwa inamuuma vibaya zaidi.

Mimi nikifadhaika nakuwa mkali. "Picha," nikasema. "Muzazi anatakiwa na foto zake. Inuka, kaa pale."

Akakaa. Nikamvalisha koti. Nikamwambia atazame mbele, akatazama magoti yake. Nikasema tena, akainua macho, nikabonyeza, na kabla kamera haijalia yakaanguka tena. Nikafuta. Nikapiga nyingine, nikaona kope tu. Nikafuta.

"Inua macho, Mama Révérien."

Hakuweza. Mbele yake palikuwa na kamera, na kando ya kamera palikuwa na mama mkwe wake, na angetazama wapi? Nimepiga picha wafiwa, nimepiga watu waliotoka jela, wote waliweza kuitazama kamera. Yeye shingo ilikataa. Nikampigia kelele, nikasema kochi hatasubiri kope zake, na sauti yangu mwenyewe ikanichukiza.

Ndipo Délice aliponijia nyuma. Kwa urefu wake alichungulia juu ya bega langu, kichwa chake juu ya kamera kabisa.

"Niangalie minye, yaya," akasema.

Mama yake akamtazama. Macho mekundu, yamejaa maji, lakini yamenyooka. Nikabonyeza. Bukavu wanakataza kucheka, hawajakataza macho yenye maji.

Nikarudi kwenye ombi. Shahidi wa kwanza nikajiandika mimi. Nikauliza wa pili ni nani, nikijua jibu, kwamba itabidi nikamwombe jirani muuza dawa, naye ataisambaza habari mpaka Kavimvira kabla ya jioni. Apollinarie alikuwa ameshachukua nakala zake, anazipanga ndani ya mkoba, uso umekunjamana. Nilidhani anaondoka.

"Lete kalamu," akasema.

Akatia sahihi kwa kukandamiza, karatasi nusura itoboke. "Mambo ya ngombe tutaongea na wale watu wa Runingu, na wataongea vizuri. Protais nitamwambia minye mwenyewe leo, juu weye hautaweza. Lakini mutoto asikose safari juu ya makosa ya watu wakubwa." Kisha akamtazama mukamwana wake. "Futa vumbi ku kitenge."

Ni hapo Mama Révérien alipolia kweli. Kama angetukanwa ingekuwa nafuu, maana matusi alikuwa ameyangoja tangu siku ya harusi yake, alishayawekea nafasi. Kuambiwa afute vumbi hakuwa na mahali pa kukuweka. Alikung'uta kitenge chake huku analia, na vumbi lilikuwa limeshatoka zamani.

Nikachapa picha. Wateja wengine walikuwa wameanza kuingia, benchi limejaa, mmoja anataka fotokopi, mwingine anauliza kama ninauza vocha. Picha zilitoka kwenye mashine zimefuatana, za msichana na za mwanamke, nyusi ile ile mara mbili. Nikazikata, nikazitia kwenye bahasha pamoja na ombi. Mimi wateja wangu nawaita kwa jina la dosye waliyoileta, sina muda wa kukumbuka zaidi.

"Mama Délice!" nikaita. "Picha zako ziko tayari."

Hakuna aliyeitika. Jina hilo lilikuwa halijawahi kuitwa na mtu yeyote, mahali popote. Mama Révérien, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka mezani kwangu, aligeuka akatazama nyuma, kuelekea mlangoni, amtafute huyo anayeitwa.

Délice akamgusa kiwiko.

"Ni weye anaita," akamwambia.