Jani la Isale

Jumamosi nilipanda Old Moshi kununua maziwa kwa mama mmoja mjane. Hata salamu hazijaisha, mwanawe wa miaka minne akamrushia bibi yake kikombe cha bati, kikampata shavuni.

"Tangu tumzike baba yake yuko hivi," mama alisema, sauti imekauka. "Anauma, anapiga, anavunja."

"Huyo dawa yake ni fimbo," akasema jirani, muuza mitumba, aliyekuja kufuata maziwa kama mimi.

Bibi akatikisa kichwa. Akamwambia mjukuu, "Kachume isale pale mpakani, uniletee. Ukimpelekea mtu jani hilo hawezi kukukatalia. Lazima akusamehe."

Mtoto akachuma. Akarudi amelishika kwa mikono miwili, kama wakubwa wanavyofanya. Akampita bibi. Akampita mama. Akaenda mpaka migombani, kwenye kaburi, akalilaza jani juu ya udongo.

"Baba, nimekuletea isale. Rudi nyumbani."

Kisha akakaa kumsubiri.

Wataalamu wa fimbo tuko wengi wilaya hii. Yule wa kwetu, muuza mitumba, aliinama, akahangaika kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.