Upande wa Pili wa Santuri

Nnaona haya hata kusema. Mwanangu, anayefanya kazi kampuni ya mafuta hapa Maskati, alileta santuri ya Wamarekani wapiga banjo. Upande mmoja ulipokwisha nikafoka, "Makelele ya mashetani! Humu ndani isipigwe tena." Mkwe wangu Zuwena, aliyeipenda, nikamliza. Kumbe wao wakitoka, nafunga mlango naisikiliza peke yangu.

Ijumaa tunakunywa kahawa, jirani akauliza ile santuri ilikuwaje.

"Wimbo wa kwanza mzuri," Zuwena akajibu kwa woga.

"Huo si kitu!" nikadakia. "Utamu uko upande wa pili, ule wa mwisho, banjo linavyolia!"

Zuwena akaweka finjani chini. "Mama, upande wa pili hatujaupiga hata siku moja."

Uso sikujua niuweke wapi.