Sufi ya Boti na Jina la Mama Neema

Juzi mafundi wa mwenye nyumba walipasua dari ya fleti yetu hapa Greyville, Durban, ikamwagika ile sufi ya njano inayotengenezwa kwa vioo. Harufu yake ya vumbi kavu iliponiingia puani, ngozi ilianza kuniwasha kabla hata haijanigusa. Nikambeba mwanangu mchanga, nikatoka nje kwa hasira. Si hasira ya mafundi. Ya baba yangu.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa kibarua kwenye yadi ya boti za starehe, na majira yale walikuwa wakitayarisha boti ya Wazungu waliotaka kwenda kusini kwenye barafu. Ndani waliweka hita, na mabomba ya kupeleka hewa ya moto hadi vyumba vya kulala. Sasa bomba likipita chini ya sakafu penye baridi, joto lote linapotelea njiani. Kwa hiyo baba alijipenyeza humo kwa tumbo, akayazungushia sufi na kuyafunga kwa utepe wa rangi ya fedha. Nyumbani alituchekesha: "Nayavalisha mabomba sweta, Durban hii ya jasho!" Glavu hawakumpa, wala kitambaa cha pua.

Jioni alivua ovaroli, mama akailoweka beseni moja na nguo zetu zote, kama walivyofanya kwao Tanga. Kesho yake tukaanza kujikuna. Shingo, kwapa, mapaja. Usiombe! Shati la shule kama limejaa siafu.

Mtu wa Tanga akiwashwa bila kuona mdudu, jibu analo: upupu. Yale manyoya ya ganda la mmea wa porini, adui anakupukutishia kwenye nguo. Na kamba ya kuanikia tulichangia na mtu mmoja tu, Mama Neema, Mkongo wa mlango wa pili, aliyenisuka nywele na kunichukua shuleni pamoja na binti yake.

Mama alimfuata koridoni. "Umetutilia upupu wewe! Nimekukosea nini?"

"Upupu gani, mama? Mie niko na saluni, niko na watoto, majani nitaokota wapi humu? Eish!"

"Mchawi mkubwa!"

Mama Neema akamgeukia baba, aliyesimama mlangoni akijikuna mikono. "Papa Zuhura, sema basi. Weye unanijua."

Baba akaangalia viatu vyake.

Jengo zima likachukua neno lile. Wateja wakamkimbia, na haukupita muda akahama na Neema wake. Mimi nilidhani baba alinyamaza kwa busara. Bibi alikuwa akisema wanawake wakigombana mwanamume ashike kofia yake atoke.

Busara gani! Baada ya dari kupasuka nilimpigia simu, na wala hakukana. "Nilijua siku ileile kuwa ni sufi ya boti, mwanangu. Ningesema, mama yako angeniachisha kazi."

Kazi yenyewe iliisha boti ilipoondoka. Uchawi wa Mama Neema haujaisha mpaka leo.

Jumapili nikamwambia mama, baba akiwa palepale anakula. Nilitaka apige kelele. Akamtazama mwanangu anavyonyonya, halafu akasema polepole: "Zuhura, nilipokuzaa nilikuwa mahututi. Aliyekunyonyesha ni Mama Neema."

Baba na mama walilijua hilo, siku ile koridoni. Asiyejua nilikuwa mimi niliyenyonya.